Mwaka wa Uzi Usio na Fundo

Mwaka 1993 ulianza na mvua zilizochelewa kushuka, katika majira ya njaa ndogo ambayo kwetu Newala huja kabla mahindi mabichi hayajakomaa, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa njia ya posta miaka miwili tu nyuma, nikiwa tayari mama wa watoto wawili, na mtu aliyepata elimu ukubwani huzishika tarehe kama mwenye shamba anavyoshika mipaka yake. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali ndogo nje kidogo ya mji wa Masasi, hospitali ambayo leo ni bohari la mahindi na sina haja ya kuitaja jina. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo, kupanga nyuzi na sindano, na kumkabidhi daktari anachokihitaji kabla hajakitaja. Sikuwa mfagiaji, ingawa wapo waliopenda kuniita hivyo, na baadhi yao nimewazika.

Mwaka jana, tarehe 3 Juni, tulimzika mume wangu Lukas huko Kitangari, kwenye ardhi ya ukoo wangu, kama alivyoomba mwenyewe. Zamu ya kutia udongo ilipofika kwa mdogo wangu Stefano, ambaye sasa kichwa chake ni cheupe kuliko changu, aliinama, akachota kwa mkono wa kulia, akauinua mkono ule juu ya bega na kuutupa udongo mbali, hadi upande wa miguu. Waombolezaji waliona mtu anamzika shemeji yake. Mimi niliona kano la bega likiwa bado limeshika mfupa baada ya miaka yote ile, na nikajua kwamba pale kaburini palikuwa na watu wawili tu walioelewa ninachokitazama, mmoja wao akiwa amekwisha kufunikwa. Stefano hakunitazama. Alijipangusa kiganja kwenye suruali, akarudi kusimama na wanaume. Jioni ile, wageni walipokuwa wakila, nilianza kuusimulia mwaka ule wa 1993 kichwani mwangu, na tangu hapo haujaniacha.

Chanzo chake kilikuwa Novemba ya mwaka uliotangulia. Ulikuwa msimu wa wanunuzi binafsi. Zamani korosho zetu zilipelekwa kwenye chama cha ushirika, na gari la chama lilikuja siku lilipotaka lenyewe. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na malori ya watu tusiowajua yalipanda mlima hadi Kitangari yakishindana kujaza na kuondoka. Vijana waliacha mashamba wakawa wapakizi. Stefano, aliyekuwa na miaka ishirini na saba na kifua cha kuonyesha watu, alibeba magunia mawili kwa mpigo, moja juu ya jingine, na wanunuzi walimpenda kwa hilo. Siku moja Lukas, ambaye alikuwa fundi wa karakana ya hospitali yetu na alikuja Kitangari mwisho wa juma tu, alimkuta kwenye mzani, mbele ya watu, akamwambia, "Shemeji, umekuwa punda wa mfanyabiashara. Na hata punda hupumzishwa." Watu wakacheka. Stefano akaweka magunia chini taratibu, akajibu, "Afadhali punda mwenye banda lake kuliko dume linalolala kwenye nyumba ya mke." Watu wakacheka zaidi. Kwetu mwanamume huhamia kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe na hakuna aibu, lakini neno hilo husemwa mtu anapotaka kuumiza, na liliumiza. Usiku huohuo wote wawili walikula mbaazi kutoka bakuli moja nyumbani kwa mama yangu, wakataniana hadi mama akawaambia wanyamaze ale. Ila waliocheka pale mzanini hawakuwepo kwenye chakula.

Haikupita juma. Gunia liliteleza kutoka juu ya lori, Stefano akalidaka kwa mkono mmoja ulionyooka, na kitu begani mwake kikakatika kwa sauti ambayo wenzake walidhani ni kamba. Kano ni ule utepe mweupe, mgumu, unaoushika msuli kwenye mfupa. La bega lake lilikuwa limeng'oka kama ngozi inavyong'oka kwenye ukingo wa ngoma. Alipasuliwa tarehe 14 Desemba 1992. Mpasuaji alikuwa Dakta Felisiani, mtu wa Bukoba, mpole, msemaji wa Kiswahili sanifu kilichonyooka kama mstari wa rula. Lukas alikuwemo chumbani, amevaa kanzu ya kijani iliyombana, kwa sababu keekee ya kutobolea mfupa ilikuwa mbovu na yeye peke yake ndiye aliyejua namna ya kuibembeleza. Daktari alitoboa, akapitisha uzi kwenye kano na kwenye mfupa, akafunga fundo. Mimi nilikata ncha. Tulifurahi, nakumbuka, tukanywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha kwenye chumba cha kuhifadhia shuka.

Mwisho wa Februari Stefano alirudi akiwa amekonda. Hakuweza kupeleka tonge mdomoni. Alikuwa akila kwa kushoto na kuona haya mbele ya watoto wake. Daktari alimpima, akamzungusha mkono, kisha akatuita mimi na Lukas karakanani na kutuambia, huku akichora kwa chaki kwenye meza ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, kwamba anaamini uzi ni mzima, kano ni zima, mfupa ni mzima. "Fundo ndilo lililotusaliti," akasema. Fundo la uzi ule hulegea likikaa kwenye majimaji ya mwili, tena hutuna, na chini ya paa la bega hakuna nafasi ya kitu kinachotuna. Kila Stefano alipoinua mkono lilisugua kama kijiwe ndani ya kiatu, na kila liliposugua lilizidi kuachia. Daktari angeweza kufunga tena, lakini kwa fundo lilelile angepata jibu lilelile. Aliwahi kusoma kwamba ng'ambo wanatumia vijinanga vidogo vya chuma ndani ya mfupa, navyo vyenyewe bado vinahitaji fundo. Alitaka kitu kinachoshika bila fundo kabisa. Na alitaka kabla kipupwe hakijaisha, kwa maana baada ya hapo msuli ungekuwa umesinyaa na kurudi nyuma, na hapangekuwa na mtu duniani wa kuuvuta. Lukas aliuliza swali moja tu: "Kiwe kikubwa kiasi gani?" Daktari akaitazama meza, akaokota punje ya mbaazi iliyokuwa imedondoka kutoka kwenye chakula chetu cha mchana, akaiweka katikati ya mchoro.

Hivyo nyumba yetu ya vyumba viwili, pale Masasi chini ya mlima wa mawe, ikawa nyumba ya mifupa. Lukas alikuwa na makubaliano na mchinjaji wa sokoni, na kila Jumamosi alirudi na mabega ya mbuzi yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. Alikata vigingi kutoka kwenye mabaki ya pini za hospitali, chuma kisichoshika kutu, akavisugua kwa tupa ndogo hadi vidole vyake vikawa na rangi ya risasi. Mimi nilipitisha nyuzi, kwa kuwa mkono wangu haukutetemeka. Majaribio yalifanyika jikoni: mfupa uliminywa kwenye jiliwa, kano lilifungiwa debe, na debe likajazwa mchanga kidogo kidogo, maana hakuna mtu aliyelelewa Makonde, mahali ambapo ndoo ya maji ni safari, angethubutu kupima kitu kwa maji. Stefano alikuwa akiishi nasi, kwenye chumba cha nyuma, na yeye ndiye aliyemimina mchanga kwa mkono wake wa kushoto. "Shemeji," alikuwa akimwambia Lukas, "mbuzi huyu akipona kabla yangu nitamshitaki." Lukas alijibu bila kuinua macho, "Mbuzi hakubeba magunia mawili. Ana akili." Baadaye nilipika supu kwa mifupa ileile. Mwanangu Agnesi, aliyekuwa na miaka saba, alizoea kuchungulia kwenye tundu la mfupa kama kwenye darubini kabla ya kuufyonza, na hadi leo anasema supu ya mfupa usio na tundu haina ladha.

Tulikosea, na kosa letu lilikuwa la watu wa kwetu. Kigingi cha kwanza cha Lukas kilifuata vigingi vya ngoma. Ngoma zetu hazifungwi kamba wala hazishonwi. Ngozi mbichi hutandazwa juu ya gogo lililochongwa, kisha hupigiliwa vigingi vya mti kuzunguka ukingo, na hakuna hata fundo moja. Lukas alikuwa ametengeneza ngoma tangu utoto, mimi nilikuwa nimezicheza, hata daktari wetu wa Bukoba alipoelezwa alipiga paja kwa furaha, akasema jibu lilikuwa limekaa uani kwa watu miaka yote hii. Mwezi Machi wote na Aprili yote tulitengeneza ngoma ndogo ndani ya mabega ya mbuzi. Kigingi kilipigiliwa, uzi ukabanwa kati ya chuma na mfupa, debe likajaa, na kitu kikashika. Tulikuwa tayari kumwita Stefano mezani. Mimi nilisema kwanza tuloweke, kwa kuwa nilikuwa nimeona mwili ndani ulivyo, tukaulaza mfupa kwenye maji ya chumvi. Asubuhi Lukas alivuta uzi kwa vidole viwili ukaja wote. Tukajaribu tena na tena. Ndipo Lukas alipokaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akacheka kicheko kisicho na raha. "Ngozi ya ngoma hukauka," akasema. "Ikikauka hujikaza, hujibana yenyewe. Sisi tumesahau kwamba mtu hakauki." Daktari alipoambiwa alitoka nje, akasimama kwenye mvua ya mwisho ya msimu ule, akarudi ameloa na kutuuliza kama kuna chai.

Sikumbuki siku kigingi cha kweli kilipozaliwa, jambo linaloniudhi, kwa kuwa hakikuzaliwa siku moja. Meno madogo yaliyolala upande mmoja, ili chuma kiingie mfupani na kisitake kutoka, yalikuwa ya Lukas. Ufa ulioanza mpana na kuishia mwembamba, ili uzi upite ukivutwa kwenda chini na kung'atwa kadiri nyama inavyouvuta kurudi juu, ulikuwa wa daktari; aliuchora Mei, akaufuta, akauchora tena upande wa pili. Kwamba midomo ya ufa ule ilikuwa ikiukata uzi kwa ukali wake, niliona mimi, na dawa yake ilikuwa kusugua, kazi ya siku nyingi kwa unga wa chaki na kitambaa. Mwanzoni mwa Julai tulikuwa na vigingi vitatu vilivyolala kwenye maji ya chumvi juma zima na debe la mchanga likining'inia, na hakuna kilichosogea. Kadiri kano lilivyovuta ndivyo uzi ulivyozidi kubanwa. Stefano alivishika kiganjani, akavinusa, akasema, "Hivi ndivyo vitakavyonizika?" Lukas akamjibu, "Hivi vitakuwa vipya hata wewe ukiwa udongo." Walikuwa watu wa kusemezana hivyo. Nayaandika maneno yao kama yalivyokuwa kwa sababu baadaye maneno ya namna hiyo yalitolewa ushahidi.

Lakini mkono wa Stefano haukuwa wa Stefano peke yake. Kwetu mtu ni wa upande wa mama yake, na mwenye kauli juu ya mwili wake, akiugua au akifa, ni mjomba. Mjomba wetu alikuwa Mzee Namwelu wa Makote, aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mrefu, mwenye koti moja la sufu alilolivaa hata Oktoba. Alishuka Masasi Jumamosi tarehe 17 Julai kutoa au kuzuia ruhusa. Nilimpigia magoti mlangoni. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mama. Mgonjwa anakula?" "Anakula, kwa kushoto." Aliguna. Tulikaa kwenye ofisi ya daktari, chumba chenye dirisha moja na picha ya mifupa ya mtu mzima ukutani ambayo Mjomba aliipa mgongo. Daktari alisimama kumpokea, akamweleza yote kwa heshima na kwa Kiswahili chake kizuri, na mwisho, akitaka kumtuliza mzee, akasema hivi: "Mara ya kwanza, mzee wangu, tulimfunga kwa fundo. Fundo lile ndilo lililomdhuru. Safari hii tutamfunga bila fundo."

Nilisikia chumba kikibadilika. Kwa mtu wa kitabu fundo ni uzi uliojikunja. Kwa mzee aliyekaa miaka ishirini mahakamani akisikiliza mashauri ya ndugu, fundo ni kile kinachokaa kifuani baada ya ugomvi, kinyongo kisichomezeka wala kutemeka. Mjomba alivua kofia. "Rudia, daktari." Daktari, akidhani mzee hasikii vizuri, alirudia polepole zaidi, akatabasamu. "Na siku hiyo ya fundo," Mjomba akauliza, "walikuwepo nani chumbani?" Daktari akahesabu: yeye mwenyewe, mtoa dawa ya usingizi, mimi, na Lukas. Kisha, kwa kuwa alikuwa muungwana asiyependa kujichukulia sifa, akaongeza, "Nikwambie kweli, mzee, bila Lukas lisingefungika." Mjomba akavaa kofia yake. Alitoa ruhusa palepale, kwa masharti: mume wangu asiwemo chumbani siku ya upasuaji, na vigingi vikishachemshwa asiviguse. Daktari alishangaa, lakini alikuwa akikihesabu kipupwe kilichobaki, akakubali.

Nilimsindikiza Mjomba hadi barabarani, nikamweleza kwa Chimakonde, lugha ambayo ndani yake tungeweza kuyatenganisha maneno hayo kama mchele na chuya. Nilisema daktari alizungumzia uzi. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili, kwa kuwa kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kiapo, na neno lililotamkwa kwa Kiswahili, ofisini, na mtu wa serikali, lilikuwa limekwisha kuandikwa hata kama hakuna aliyeshika kalamu. "Uzi hauna moyo, mpwa wangu," akasema. "Anayefunga ndiye mwenye moyo. Na maneno ya kwenye mzani yalifika Makote kabla korosho hazijafika bandarini." Niliporudi nyumbani nilimkuta Lukas anasugua kigingi cha tatu. Nilimweleza. Hakukasirika, kama nilivyoogopa. Aliuliza tu kama Stefano amekwisha kuambiwa. Kutoka chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, Stefano akajibu, "Nimesikia." Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi hapakuwa na utani.

Jumatatu tarehe 9 Agosti 1993, kigingi cha kwanza kiliingia kwenye mfupa wa mtu. Mimi ndiye niliyemkabidhi daktari, kimoja baada ya kingine. Aliondoa fundo la zamani, kitu kidogo cha kijivu chenye ukubwa wa punje ya mtama, akalivuta kano, akalilaza mahali pake, akatoboa kwa keekee ambayo Lukas alikuwa ameirekebisha siku zilizotangulia, akapigilia kigingi, akavuta uzi kwenda chini na kuuachia, na uzi ukabaki pale alipouacha. Alifanya hivyo mara tatu. Hakukuwa na kitu cha kufunga. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika mkasi kwa mazoea, nikakaa nao hewani. "Tumemaliza, Mama Agnesi," daktari akasema, kama mtu anayejishangaa. Lukas alikuwa karakanani. Nilipokwenda kumwambia nilimkuta anapiga tupa mguu wa kitanda ambao haukuwa na kasoro yoyote. Aliniuliza kigingi cha pili kimeingia vipi, kwa kuwa meno yake yalikuwa membamba kidogo. Nilimwambia kimeingia vizuri. Akataka nieleze sauti yake. Nilijaribu kuieleza sauti ya chuma kikiingia mfupani, nikashindwa, na maelezo hayo pungufu ndiyo sehemu pekee ya ushindi wa kazi yake aliyowahi kuipata.

Septemba Stefano alikula kwa mkono wa kulia. Mwishoni mwa Oktoba aliweza kuweka kiganja juu ya kichwa chake. Daktari, ambaye barua ya uhamisho wake ilikuwa imefika, alimshika Lukas mabegani mbele ya wauguzi wote, akamwambia atamwandikia, watengeneze vingine, wavionyeshe kwa wakubwa. Akaondoka. Na kadiri mkono ule ulivyokuwa ukipanda, ndivyo maneno kule mlimani yalivyokuwa yakishuka. Niliyasikia sokoni nyuma ya mafungu ya ming'oko, vile viazi vya porini, niliyasikia kwenye foleni ya maji: fundi alipokuwemo, mkono uliachia, fundi alipotolewa nje, umeshika. Kila kidole alichokunjua Stefano kilikuwa shahidi dhidi ya mume wangu. Mwanamke mmoja wa kanisani, tena mwenye nia njema, aliniambia nishukuru Mungu kwamba wazee waliona mapema.

Shauri lilikaa Makote, nyumbani kwa Mjomba, Jumamosi tarehe 27 Novemba. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti vilivyoazimwa shuleni, sisi wanawake kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, ambako wali ulikuwa unaiva kwa ajili ya mwisho, upande wowote mwisho ungeegemea. Mjomba alieleza jambo kama karani: maneno ya kwenye mzani, siku ya fundo, kauli ya daktari. Nikaomba kusema, nikaruhusiwa, na nilisema kwa mpangilio, kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama. Nilieleza uzi, majimaji, meno, ufa. Nilisema kigingi kilichoushika mkono ule kilitengenezwa na mtu huyo mnayemshitaki. Mjomba hakunikatiza. "Mpwa wangu umesoma, nasi tunajivunia," akasema. "Basi tufanyie hesabu. Alikuwemo, likaachia. Hakuwemo, likashika. Sisi tutoe nini hapo tupate jibu lingine?" Nikasema, "Kigingi ni chake, mjomba." Akajibu, "Kigingi ni chuma. Hatujashitaki chuma." Wazee wawili walicheka kwa pua.

Kisha akamgeukia Stefano. Alikuwa amekaa pembeni, mkono wa kulia juu ya paja, na wote walikuwa wakiutazama mkono huo kuliko uso wake. "Wewe ndiye mwenye mwili. Shemeji yako alikufunga kwa fundo, au hakukufunga?" Nilimtazama mdogo wangu aliyemimina mchanga jikoni kwangu miezi minne, aliyekula supu ya mifupa yetu, aliyejua kila neno tulilosemezana. Alikuwa anaogopa, sijui kama ni wazee au ni mkono wenyewe, kwamba akisema vibaya utaachia tena. "Nilikuwa nimelazwa na dawa, mjomba," akasema. "Nilikuwa usingizini. Sijui kilichofungwa." Haukuwa uongo. Nimelipima jibu hilo kwa miaka mingi na sijaona mahali lilipopungukiwa na ukweli, na ndiyo maana sijawahi kumwomba alieleze.

Mjomba alimweleza Lukas njia mbili, bila hasira, kama mtu anayesoma kifungu. Akikana, basi fundo bado limo kifuani, na mtu mwenye fundo hawezi kulala kwenye nyumba ya ukoo huu. Atachukua vyombo vyake vya kazi, mke na watoto watabaki kwao. Akikiri, fundo limetoka, na jambo litakuwa limekwisha leo hii kabla ya chakula. Lukas aliinuka. Alikuwa mtu aliyesugua ufa mwembamba kuliko unywele kwa majuma ili usiukate uzi, mtu ambaye hakuwahi kusema kitanda kimepona kama mguu mmoja bado unacheza. Alinitazama mara moja, kisha akautazama mlango wa jiko, mahali ambapo Agnesi alikuwa amesimama na kata ya maji. "Nilikuwa na fundo na shemeji yangu," akasema. "Sasa sina."

Kisha mzee mmoja, kaka mkubwa wa Mjomba, aliyekuwa amekaa kiti cha mwisho, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Amesemaje?" Mjomba akamwambia mume wangu, kwa upole kabisa, "Sema tena, mkwe wetu. Huyu hasikii, na haifai jambo likamalizwa mmoja akiwa hakusikia." Lukas akavuta pumzi, akayarudia maneno yale kwa sauti ya kufika hadi barabarani, na wanawake jikoni wakaacha kupakua. "Yamekwisha," Mjomba akasema, akaomba maji ya kunawa. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba mara ya pili Lukas aliyasema vizuri zaidi, kwa utulivu, akimtazama Stefano machoni, kama mtu anayeanza kuyaamini.